Majani ya Shemeji

Sungura wale niliwanunua ili niwachinje. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa hapa Kibiti wananiona nimerukwa na akili, mwanamke mtu mzima anafuga wanyama wa kupapasa, na wapo wanaosema wazi kuwa nafuga panya wenye masikio marefu. Sikuwa na mapenzi na mnyama yeyote. Mume wangu alikuwa amepigwa na kiharusi, mkono wake wa kulia umejikunja kifuani na ngumi imefungwa, na mama mmoja pale Ikwiriri akanishauri nimpikie mchuzi wa sungura, ati nyama yake laini na haina mafuta. Akaniuzia wawili, mmoja mweupe na mmoja wa kahawia. Nikapanda nao basi ndani ya kapu, wakanikojolea njia nzima mpaka abiria wa pembeni akahama kiti.

Nilipofika nyumbani kisu kilikuwa butu. Kabla ya kwenda kukinoa nyuma ya nyumba, nilimwekea mume wangu yule wa kahawia mapajani, amshikilie kwa mkono wake mzima asitoroke. Niliporudi nikakuta ngumi imefunguka. Hospitali walimpa mpira wa kuminya, akautupa uani siku ya kwanza na kuku wakaunyia. Mimi nimeikanda ile ngumi kwa mafuta ya nazi mpaka vidole vyangu vikauma, haikufunguka. Sasa vile vidole vimelala juu ya mgongo wa sungura, vinatetemeka, vinakwenda mbele, vinarudi nyuma. Nikasimama na kisu changu kama mjinga. Siku hiyo tulikula dagaa.

Huyu mume wangu alikuwa dereva wa lori la ufuta. Sauti yake ilikuwa ikisikika kabla lori halijazimwa. Baada ya kiharusi alibaki na mlio mmoja tu, "aah", wa njaa huo huo, wa haja ndogo huo huo, wa kunishukuru na wa kunitukana huo huo. Daktari alisema huenda maneno yakarudi na huenda yasirudi, jibu ambalo hata mimi ningeweza kulitoa bila kusomea. Kwa hiyo ule mkono unaofunguka ndio kitu pekee kilichokuwa kinakwenda mbele katika nyumba yetu. Kila asubuhi namweka barazani, nampa sungura mmoja, mkono unafunguka, unafanya kazi yake. Nikimwondoa sungura, kabla ya adhuhuri ngumi imerudi kifuani. Mtu akiniuliza kwa nini nimewapigania wale wanyama namna ile, jibu langu ni hilo.

Sasa nimseme shemeji.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mume wangu. Baba yao alifariki wakiwa wadogo, huyu ndiye aliyemlea mdogo wake, akamsomesha udereva, akaenda kunichumbia kwa niaba yake. Kwa desturi yetu mtu wa namna hiyo ni baba mkwe. Humpingi, humkatizi maneno, na kitu akikuletea unakipokea kwa mikono miwili. Ana shamba la mikorosho nyuma ya makazi yetu, na msimu wa kupulizia ukianza anaamka kabla ya jua, wakati hakuna upepo, anarusha salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu, mpaka miti yote inafunikwa na moshi wa njano. Halafu, kabla ya kwenda kuoga kwake, anapita kwetu.

Nilikuwa nachukia kuja kwake vile. Mniwie radhi, lakini nachukia. Anaingia na njano kwenye kope, njano masikioni, njano imeganda puani pamoja na kamasi. Anakohoa, anageuka pembeni, anatema kitu kizito chenye rangi ya kiini cha yai, anajifuta mdomo kwa kiganja, anakifukia kwa kandambili, kisha anaupokea mkono wangu wa shikamoo kwa mkono ule ule. Akikaa kwenye mkeka anaacha alama ya makalio mawili ya unga. Akinywa chai, kikombe kinanuka kiberiti hata nikikisugua kwa majivu. Nilikuwa na kikombe chake peke yake, sikuwahi kumwambia, nimekificha nyuma ya sufuria na hakuna mwingine aliyekinywea.

Lakini alikuwa anakuja. Wale marafiki wa lori walikuja mara moja, wakaangalia mdomo uliopinda, wakaangalia saa, hawakurudi tena. Shemeji alikuja kila asubuhi. Hakujua la kusema na ndugu yake asiyejibu, kwa hiyo alikuwa anakuja na majani ya sungura. Anafungua kiroba, anatoa mafungu mawili. "Hili la wanao hawa," ananitania, akimaanisha sungura, "na hili la chungu." Yalikuwa majani ya kunde na mchunga, laini, mabichi. Anachuchumaa mbele ya kiti cha mdogo wake, analisha sungura shina moja moja, na wote wawili wanatazama ile midomo inavyokwenda mbio. Nilimwona shemeji akicheka pale kwa mara ya kwanza tangu kiharusi.

Yule mweupe alianza kwa kulowa kidevu. Nikadhani amekunywa maji vibaya. Kesho yake manyoya yote ya shingoni yamegandamana kwa mate, anatetemeka miguu ya mbele, anaharisha uji wa kijani unaonuka kuliko choo cha stendi. Alikufa mikononi mwangu kabla sijamaliza kumfuta, akanimwagia vyote alivyobaki navyo kwenye khanga. Khanga ile niliichoma.

Nilimpigia simu bwana mifugo. Akaniuliza anakula nini, anatafuna nini, analala wapi, kuna dawa gani ndani ya nyumba. Akaniambia kitu ambacho sikukijua, kwamba sungura hana uwezo wa kutapika, kilichoshuka kimeshuka. "Tafuta sumu, mama," akasema. "Ipo hapo hapo kwako."

Nikaitafuta, na hapo ndipo nilipoiona nyumba yangu. Nilianza na banda. Fundi aliyelitengeneza aliipaka miguu yake oili chafu ya gari kuzuia mchwa, kama wanavyopaka kila nguzo huku kwetu, na mimi nilimsifu kwa kazi nzuri. Nikaangalia kwa karibu. Sungura walikuwa wameguguna mbao zile mpaka zina mabonde. Hawa wanyama meno yao hayaachi kukua, lazima watafune kitu, na sisi tumewatengea wese bovu. Nikaing'oa ile miguu kwa panga, nikalitundika banda kwa kamba.

Nikaingia ndani. Uvunguni nilikuta kifuniko cha sumu ya panya, punje za waridi nzuri kama pipi, nusu zimeliwa, sijui na nani. Nikakuta betri za redio zimevuja maji meusi juu ya gunia la mpunga. Chupa tunayowekea mafuta ya taa, nilipoifuta vumbi, ilikuwa na mchoro wa mdudu kwenye lebo, maana yake ilizaliwa chupa ya dawa. Kopo la kuchotea maji ya kuoga lilikuwa na historia hiyo hiyo. Uani, jirani yangu msuka mikeka alikuwa amechemsha ukindu wake na kumwaga maji ya rangi mpakani, zambarau na kijani, yamepita chini ya ua na kukauka kwenye nyasi zetu. Nikamfuata jirani nikamwambia maneno ambayo hayaandikiki, tukakaa muda bila kusalimiana. Nilisafisha, nikafukia, nikasugua, nikaosha mikono mpaka ngozi ikababuka. Nilijisikia kinyaa na kila kitu nilichokigusa, na zaidi nilijisikia kinyaa kwamba tumekula na kulala katikati ya uchafu ule miaka yote tukajiita watu safi kwa sababu tunafagia uwanja kila asubuhi.

Na baada ya kusafisha kote huko, yule wa kahawia naye akalowa kidevu.

Mume wangu aliona kabla yangu. Nilisikia "aah" ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, nikatoka mbio. Sungura amelaza kichwa kwenye paja lake, mate yanadondoka kwenye msuli aliojifunga, na mkono umeganda juu yake. Nilimnyanyua sungura. Ile ngumi ikajifunga mbele ya macho yangu, kidole kwa kidole.

Shemeji alikuwa amesahau kofia yake kwetu siku hiyo. Alfajiri iliyofuata nilikuwa nakwenda kununua maziwa, nikasema nipitie shambani nimpe. Sikuwa nimewahi kuingia kwenye mikorosho wakati anapulizia, mwanamke hana kazi pale. Salfa alikuwa amemaliza. Sasa alikuwa amebeba pampu ya mgongoni na anapiga dawa ya maji, ile ya wadudu, majani yote yanang'aa na kudondosha matone. Chini ya mikorosho alikuwa amepanda kunde, na matone yale yalikuwa yanashukia kwenye kunde. Akafika mwisho wa mstari. Akaweka bomba begani, akainama na pampu yake mgongoni, akaanza kuchuma kunde, majani mazuri mazuri anayachagua, anakung'uta unga wa njano kwa kofi, anayatia kwenye kiroba kilichotoka salfa siku ile ile. Alikuwa anaimba.

Sikumpa ile kofia. Niliitundika kwenye tawi nikaondoka kwa miguu miepesi kama mwizi. Nilipofika njiani likanijia fungu la pili, lile la chungu. Nilikuwa nalipika karibu kila siku. Nalitia nazi. Namlisha mume wangu kwa kijiko, nammiminia na mchuzi wake nikimwambia ameze, ameze apate nguvu. Nikasimama kando ya barabara, pikipiki zinapita, nikatapika chai yote ya alfajiri na mate machungu juu yake. Sungura hakupata nafasi hiyo.

Ningemwambiaje? Wewe usiyeijua desturi yetu utasema ni jambo la kufungua mdomo tu. Shemeji hana kitu kingine cha kutuletea. Hana pesa, hana maneno, hana dawa ya kiharusi. Nikiyakataa majani nimemwambia usije, na asipokuja yeye haji mtu. Tena ningekuwa namwambia mtu aliyemlea mume wangu kwamba anatulisha sumu. Neno hilo, sumu, likitajwa baina ya ndugu huku kwetu, halina maana ya dawa ya mikorosho. Likishasemwa, familia hugawanyika mpaka misibani.

Kwa hiyo nikafanya unafiki. Akija nampokea mafungu kwa mikono miwili, "Ahsante shemeji, Mungu akuzidishie," nakwenda nayo nyuma nayatumbukiza chooni, naosha mikono kwa sabuni ya unga. Yule wa kahawia nilimkatia nyasi kutoka bondeni, mbali na shamba lolote, nikazikausha juani, nikamnywesha maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Nilimfuta kidevu mara nyingi kuliko nilivyowafuta wanangu walipokuwa wachanga, kabla hawajahamia mbali. Baada ya siku kadhaa akaacha kutetemeka. Akala nyasi mbili. Nikamrudisha mapajani, na ule mkono ukafunguka kidogo, kwa wasiwasi, kama mtu anayechungulia mlangoni.

Shemeji akaona sungura amekonda, akanihurumia. "Hashibi huyu," akasema. "Ntaongeza." Akaongeza. Mafungu yakawa makubwa, choo kikaanza kujaa majani, na kila siku nilizidi kumshukuru. Mwenyewe nilikuwa najichukia kwa zile shukrani. Nilipokuwa nasema Mungu akuzidishie, nilikuwa nayasikia maneno yananuka.

Siku moja alikuja mapema, mimi nafua nyuma. Hakupiga hodi kwa sauti. Niliposikia kikohozi chake nikatoka na mikono yenye povu, nikamkuta keshachuchumaa, kiroba wazi, fungu zima kaliweka mapajani mwa mdogo wake. Sungura alikuwa ameshanyoosha shingo. Pua inacheza. Mdomo umefika kwenye jani.

Nilimrukia. Nililinyakua lile fungu na kulitupa uwanjani, povu likamrukia shemeji usoni, na sungura akapiga teke akajificha kwenye msuli wa mume wangu. Shemeji akabaki amechuchumaa na shina moja mkononi.

"Kulikoni, shemeji?"

"Majani yako yana sumu."

Nilishalisema. Niliona linavyomfika. Alisimama taratibu, magoti yanalia.

"Mie?" akasema. "Mie nimtie sumu huyu? Huyu nimemlea kwa mikono yangu hii?"

"Sijasema hivyo, shemeji. Dawa ya mikorosho inadondokea kwenye kunde. Nimeona kwa macho yangu. Mweupe kafa kwa hiyo. Na kiroba chenyewe cha salfa."

"Tangu lini umeona?"

Nikajifuta povu mikononi.

"Tangu lini? Na kila siku wanipokea? Ahsante shemeji, ahsante shemeji. Wayapeleka wapi?"

"Chooni," nikasema.

Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukivunjika vile. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru kama angenitukana. Badala yake alitazama lile shina mkononi, jani la kunde, pana, lina vumbi la njano kwenye mishipa.

"Mie nala hivi vitu miaka yote," akasema. "Nachuma, nala. Nachuma, nala. Nimekufa? Hebu tazama."

Akalitia mdomoni. Lote, na shina lake. Akaanza kutafuna mbele yangu, amenitumbulia macho, maji ya kijani yanamtoka pembeni ya mdomo yakichanganyika na unga wa njano wa kwenye ndevu, na katikati ya kutafuna kikohozi kikamshika, akakohoa mdomo umefungwa, mashavu yamevimba, hataki kutema na hawezi kumeza. Nilitaka kugeuka nisione. Nilimwambia, "Shemeji, basi. Shemeji, nakuomba." Akatikisa kichwa, akaendelea kutafuna.

"Tema."

Nilidhani ni mtu wa nje. Nilitazama mpaka langoni.

"Tema!"

Mume wangu alikuwa ameegemea mbele kwenye kiti, nusu ya mdomo ikivuta na nusu imelala, mshipa umesimama shingoni. Mkono wa kulia ulikuwa bado juu ya mgongo wa sungura, umemshika sawasawa, na ule wa kushoto amemnyooshea kaka yake kidole, kama unavyomnyooshea mtoto aliyeokota kitu chini.

Shemeji akaacha kutafuna. Machozi yalikuwa yanamtoka, sijui ya kikohozi au ya nini. Alitazama uwanja wangu uliofagiliwa, akatazama huku na kule, mdomo umejaa, mzee wa watu hajui atemee wapi nyumbani kwa mwanamke ambaye leo amemwambia majani yake anayatupa chooni.

Nikamkingia kiganja changu.

Akatemea humo. Lilikuwa la moto, zito, lenye nyuzi. Nikalishika.